Mlango wa Kompyuta au Mlango wa Lugha? Njia za Kusomea Isimu ya Kompyuta Ukiwa Uganda

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku. "Mjomba, hujalala? Nimekaa na fomu ya chuo kikuu tangu jioni na sijui nijaze nini." Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, naye alikuwa na prinsipo tatu, yaani masomo makuu aliyofaulu: Fizikia, Uchumi na Hisabati. Alichokitaka alikijua vizuri. Anataka kusomea kazi ya kuifanya kompyuta ielewe Luganda, Kisamia, Kiswahili na lugha nyingine tunazozungumza nyumbani. Shida ni kwamba katika orodha ya kozi aliyokuwa nayo mkononi, jina la kazi hiyo, isimu ya kompyuta, halikuwemo. Kando yake alikuwa ameketi rafiki yake wa tangu shule ya msingi, mwenye hamu hiyohiyo, ila yeye alifanya Fasihi, Historia na Kiswahili. Masomo yao hayakutani popote, na wote wawili wanataka kufika mahali pamoja.

Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote aliyekwama pale walipokwama. Mimi ni mtu wa Busia. Nilisoma lugha kwanza, nikajifunza kuandika programu nikiwa tayari nina watoto, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kukagua maandishi ambayo mashine huyatoa kwenye sauti. Pale ninapopendelea upande mmoja nitasema wazi.

Kazi yenyewe ikoje

Siku moja nilikuwa nakagua taarifa ya habari ya redio, ya Luganda, iliyoandikwa na mashine. Mtangazaji alisema *poliisi yamuta*, yaani polisi walimwachilia. Mashine ikaandika *poliisi yamutta*: polisi walimuua. Tofauti ni t moja. Katika Luganda, konsonanti inayokazwa na isiyokazwa ni sauti mbili mbali. *Okuta* ni kuachilia, *okutta* ni kuua. Na irabu nazo ni hivyohivyo: *okusiga* ni kupanda mbegu, *okusiiga* ni kupaka.

Mwenzangu aliyesomea kompyuta alitazama kipimo chetu cha makosa, akaona herufi moja tu imekosewa katika sentensi nzima. Kwa kipimo kile, mashine ilikuwa imefaulu vizuri sana. Mimi niliyesomea lugha niliona mtu ameuawa hewani, lakini sikuwa na wazo lolote la namna ya kuirekebisha mashine. Ikabidi tukae meza moja mchana kutwa. Mimi nikakusanya jozi za maneno yanayotofautishwa na ukazo au urefu wa sauti peke yake, yeye akaandika programu ya kuijaribu mashine kwa jozi hizo tu. Ile mashine tuliyokuwa tunaisifu ikaanguka vibaya. Tangu siku hiyo tunaipima kwa namna mbili.

Chuo chochote utakachokichagua hapa nchini kitakupa upande mmoja wa meza ile. Upande wa pili utautafuta mwenyewe. Kwa hiyo swali la fomu ni hili: ni upande upi unauhitaji mwalimu, na upi unaweza kuuhangaikia kwa juhudi zako?

Mlango wa kompyuta

Makerere, ambayo ilianza 1922 kama shule ya ufundi, leo ina chuo kizima cha kompyuta na sayansi ya habari, kinachojulikana kwa kifupi cha CoCIS. Ndani yake mtu wa kidato cha sita anaangalia hasa kozi mbili: sayansi ya kompyuta, ya miaka mitatu, na uhandisi wa programu, ya miaka minne. Wengi huvutwa na ile ya pili kwa sababu jina lake linasikika kama kazi. Kwa shughuli yetu hii mimi ningechukua ya kwanza bila kusita. Uhandisi wa programu unakufunza kujenga mfumo mkubwa, kuusimamia na kuutunza, na ni elimu nzuri sana kwa anayeitaka. Lakini mtu wa lugha anahitaji uwezekano, takwimu, aljebra ya matriki (majedwali ya namba), miundo ya data na nadharia ya lugha rasmi (lugha za kanuni za kihesabu, si lugha ya serikali), na mambo hayo ndiyo moyo wa sayansi ya kompyuta. Mwaka unaobaki utautumia kujifunza isimu.

Nadharia ya lugha rasmi wanafunzi wengi huipita mbio, wakidhani ni ya kufanyia mtihani tu. Usiipite. Tazama neno la Luganda *tebannalaba* na ndugu yake wa Kiswahili, *hawajaona*. *Te* na *ha* zinakanusha, *ba* na *wa* ni wao, *nna* na *ja* zinasema jambo bado, kisha inakuja shina. Neno moja limebeba sentensi, na vipande vyake vinafuatana kwa mpangilio usiovunjwa. Mashine zile ndogo za hali na mishale mnazozichora darasani ndizo zinazoweza kulichambua neno kama hili kipande kwa kipande. Mashine kubwa za siku hizi, ambazo zimelelewa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, zinaweza kulikata mahali popote, hata zikamtoa mtu aitwaye Anna katikati ya *tebannalaba*. Aliyeelewa nadharia ile anajua kwa nini, na anajua pa kuanzia.

Kinachoipa Makerere uzito zaidi ni majirani utakaokuwa nao. Maabara ya akili unde (AI) ya pale imekuwa ikifanya kazi ya lugha zetu kwa miaka mingi. Jijini humohumo, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Pulse Lab Kampala ilishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu kusikiliza vipindi vya redio kwa mashine, kwa Luganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda, ili kujua watu wa vijijini wanalalamikia nini. Baadaye, kwa ufadhili wa Lacuna Fund, mfuko unaogharamia ukusanyaji wa data, maabara ya Makerere ikakusanya maandishi na sauti za Luganda, Runyankore-Rukiga, Kiacholi, Lumasaaba na Kiswahili. Sauti nyingi za Luganda zilizomo katika Common Voice, hazina ya wazi ya sauti ya shirika la Mozilla, zimepatikana kwa watu kujitolea kusoma sentensi kwenye simu zao. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayejua kuandika programu kidogo na anayejua lugha yake vizuri ana kitu cha kupeleka pale. Mwambie mtu huyo apige hodi mapema, asingoje mradi wa mwaka wa mwisho.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, nacho kina kitivo cha kompyuta. Kama lugha ya nyumbani kwenu ni Runyankore au Rukiga, ningekiweka juu kabisa kwenye fomu, au cha pili baada ya Makerere. Mji mzima ni maabara yako. Ukitoka darasani unaingia sokoni, na lugha unayoichunguza inauzwa pamoja na ndizi. Tena Runyankore ni mojawapo ya lugha za Uganda zilizofanyiwa kazi nzuri katika fani hii. Joan Byamugisha aliandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town, 2019, juu ya kuifanya kompyuta itunge sentensi za Runyankore, na David Bamutura pamoja na wenzake walichapisha 2020 sarufi ya kompyuta ya Runyankore na Rukiga. Atakayeanza leo haanzi na karatasi tupu.

Gulu, chuo cha tangu 2002, kiko kwenye Kiacholi, na Muni, kule Arua, kiko kwenye Kilugbara. Kwa wenye lugha hizo ni vyuo vya kufikiria, hasa kama gharama ya kuishi Kampala inatisha.

Kasoro ya mlango huu ni moja na ni kubwa: hakuna atakayekufundisha isimu. Nimekutana na wahitimu wazuri wa kompyuta, Waganda wa kuzaliwa, ambao hawakuweza kuniambia kwa nini *omuntu* anakuwa *abantu* lakini *omuti* unakuwa *emiti*. Ngeli wanazitumia kila siku bila kukosea, ila hawajawahi kuziona. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ajenge mashine ya kusahihisha Luganda, ataikusanyia data nyingi na kuomba Mungu.

Mlango wa lugha

Kwenye kilima hichohicho cha Makerere ipo shule ya lugha, fasihi na mawasiliano, chini ya chuo cha sanaa na sayansi za jamii. Idara mbili ndizo zinazotuhusu: ile ya isimu, na ile ya lugha za Kiafrika, ambako Luganda, Runyakitara, Kiluo na Kiswahili hufundishwa. Runyakitara, kwa asiyejua, ni jina linalozikusanya pamoja Runyoro, Rutooro, Runyankore na Rukiga. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu.

Watu huuliza, mzungumzaji wa lugha anakwenda kufundishwa nini kuhusu lugha yake? Nilidhani hivyo mimi pia. Kisha mwalimu wa fonetiki, elimu ya sauti za lugha, akatuambia kila mmoja aandike maneno kumi ya lugha ya mwenzake kwa kusikiliza tu. Nilipangiwa kijana wa Kitgum, msemaji wa Kiacholi. Aliniambia maneno ambayo kwangu yalikuwa sawasawa, yeye akacheka na kusema hayafanani hata kidogo. Kiacholi kina irabu zaidi ya zile tano zinazoandikwa, na kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ambayo maandishi ya kawaida hayaionyeshi. Wenyeji wanaijaza wenyewe wakisoma, kwa sababu wanaijua lugha. Mashine ya kusoma kwa sauti haina pa kuitoa. Aliyepita darasa lile akipewa kazi ya kurekodi Kiacholi kwa ajili ya mashine atauliza siku ya kwanza toni itawekwaje. Asiyepita ataligundua tatizo hilo fedha za mradi zikiwa zimekwisha.

Vilevile kazi ya uwandani. Kukaa na mzee chini ya mwembe, kumuuliza bila kumwekea maneno mdomoni, kuandika anachokisema badala ya kile ulichotarajia aseme, kumweleza rekodi yake itakwenda wapi na kuomba ridhaa yake. Haya yanahitaji kusimamiwa na mtu aliyeyafanya. Sijaona video inayoyafundisha.

Kyambogo ni habari tofauti kidogo. Kilizaliwa 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu, vya ualimu, ufundi na elimu maalumu, na asili hiyo bado inaonekana. Anayetaka ualimu wa Kiswahili atakuwa nyumbani. Msimdharau mtu anayechagua hivyo. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na walimu wanahitajika kweli. Shahada ya ualimu ina mshahara nyuma yake wakati unajifunza programu jioni, na fani yetu ni ya watu wanaosubiri miaka kabla haijawalipa. Halafu Kyambogo kina jambo ambalo watu wa kompyuta karibu wote wanalisahau: lugha ya alama. Katiba yetu ya 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, na kilima kile kimefundisha wakalimani na walimu wa elimu maalumu kwa muda mrefu. Kijana atakayeunganisha ujuzi huo na kompyuta inayotazama mikono atakuwa na shamba ambalo halijalimwa.

Kasoro ya mlango wa lugha ni hisabati. Utamaliza miaka mitatu bila kukutana na matriki hata moja. Ukiomba shahada ya pili ya sayansi ya kompyuta hapa nyumbani, shahada yako ya lugha haitakuvusha kirahisi. Rafiki yake mpwa wangu nilimwambia hivyo bila kumficha: ukiingia mlango huu, takwimu na Python, lugha ya kuandikia programu, uzianze muhula wa kwanza. Kila likizo iwe na kitu kimoja ulichokijenga, hata kama ni programu ndogo ya kuhesabu ni mara ngapi kila kiambishi kinatokea katika hadithi za bibi yako.

Je, milango hii miwili inafika mahali pamoja? Inafika, na ushahidi upo Makerere yenyewe. Peter Nabende ni mtu wa kompyuta. Alikwenda Groningen, Uholanzi, akamaliza uzamivu 2011 kwa kazi ya kuhamisha majina kutoka mwandiko mmoja hadi mwingine kwa njia za uwezekano. Fridah Katushemererwe ni mtu wa lugha. Naye alikwenda Groningen hiyohiyo, akamaliza 2013 kwa kuichambua mofolojia, yaani muundo wa maneno, ya Runyakitara kwa kompyuta na kuitumia kuwafundishia wanaojifunza lugha. Walitoka idara tofauti za chuo kimoja.

Ningemshauri nani aingie wapi

Mwenye prinsipo ya Hisabati aingie mlango wa kompyuta. Nasema hivi mimi niliyeingia kwa lugha. Kuandika programu nilijifunza peke yangu, usiku, watoto wakiwa wamelala, na haikuwa vibaya. Uwezekano ndio ulionishinda. Sura moja niliirudia mara nne, na kila mara nilifika ukurasa uleule nikakwama, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunitazama daftari na kuniambia nimepotea mstari wa tatu. Hisabati inataka mtu wa kukutazama daftari. Isimu nayo inataka mwalimu, lakini lugha yenyewe tayari unayo mdomoni, na pale Makerere idara ya isimu iko umbali wa kutembea. Mwombe mhadhiri ruhusa ya kukaa nyuma katika darasa la fonolojia (mfumo wa sauti) na la mofolojia. Ukienda kwa heshima na ukawahi, si rahisi akukatalie.

Kuna sababu nyingine ya kutanguliza kompyuta: mlango wa kurudi. Mtu wa kompyuta anaweza kuomba baadaye shahada ya pili ya isimu ya kompyuta, na pia ya kompyuta tupu. Mtu wa lugha anayo ile ya kwanza pekee.

Asiyekuwa na Hisabati asijilazimishe kwa kozi ya kompyuta ya chuo chochote kitakachompokea ilimradi ada imelipwa. Aingie kwa lugha, kwa moyo wote, na azibe pengo kidogokidogo. Nimefanya kazi na watu wa aina zote mbili, na mtu wa lugha aliyejifunza takwimu kwa shida huwa haandiki hesabu asiyoielewa.

Ukivuka mpaka

Dar es Salaam ndiyo ya kwanza kwa anayetaka Kiswahili chenyewe. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, imepata jina hilo 2009, lakini mizizi yake inakwenda hadi ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ya 1930, iliyosanifisha Kiswahili tunachokiandika leo. Huko utasoma isimu ya Kiswahili kwa Kiswahili, na kamusi zinatungwa palepale. Kwa hesabu za mashine utahitaji kujiongeza, kama huku.

Kenya, mradi uitwao Kencorpus uliwaunganisha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene kukusanya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Mtu wa Mbale autazame vizuri huo, kwa sababu Lubukusu kilichomo ndani yake na Lumasaaba chetu vinasikilizana, na alichokijenga jirani kinaweza kukuokolea mwaka mzima. Sisi wa Busia hatuhitaji kuambiwa kwamba lugha haisimami kwenye kizuizi cha forodha.

Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, lililoanzishwa 2011, linalotoa shahada za pili za teknolojia ya habari na uhandisi, akili unde ikiwemo, na Mastercard Foundation imewafadhili wanafunzi wengi pale. Ni shule nzito ya kompyuta. Ukiingia na lugha yako kama mradi utapata zana kali, ila usiende ukitarajia isimu.

Shahada ya pili yenye jina lenyewe

Ikifika hapa, jina tulilolikosa kwenye fomu linaonekana. Ulaya na Marekani zina shahada za pili za isimu ya kompyuta au teknolojia ya lugha, na nyingi hupokea watu wa milango yote miwili, kila upande kwa masharti yake. Mtu wa lugha huulizwa programu na hesabu. Mtu wa kompyuta huulizwa kama amewahi kusoma isimu popote. Ndiyo maana nasisitiza yale madarasa ya kukaa nyuma.

Ujerumani inazo kadhaa: Tübingen, Stuttgart, na Saarland kule Saarbrücken. Tübingen na Stuttgart ziko katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako tangu 2017 mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya analipa euro 1,500 kwa muhula. Saarland iko jimbo jingine, na huko mzigo ni mchango mdogo wa muhula. Lakini ada siyo inayowazuia Waganda Ujerumani. Kinachowazuia ni akaunti ya benki iliyofungwa, ambayo kwa viza ya mwanafunzi ilipandishwa 2024 hadi euro 11,904 kwa mwaka. Fedha hizo ni zako na utazitumia kidogokidogo ukiwa kule, ila lazima zionekane kabla hujapanda ndege. Bila ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi na wasomi, au mwingine, familia chache zinaweza.

Uswidi ina Gothenburg na Uppsala, zenye shahada za teknolojia ya lugha za miaka miwili. Gothenburg ningempendekezea mtu wa lugha hasa. Edinburgh, Uskoti, kwa anayependa sauti na usemi, ni mwaka mmoja mkali na wa gharama. Ipo pia ile shahada ya pamoja ya Ulaya, Erasmus Mundus ya teknolojia za lugha na mawasiliano, ambayo mwanafunzi husoma mwaka mmoja nchi moja na mwaka wa pili nchi nyingine, miongoni mwa vyuo kama Saarland, Groningen, Trento na Malta. Ukiipata pamoja na ufadhili wake, chukua.

Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kina shahada ya pili ya isimu ya kompyuta tangu 2005, na inaweza kusomwa kwa intaneti bila kuhama. Inasikika kama jibu la maombi. Hesabu kwanza mambo mawili: ada ya Kimarekani, na saa. Darasa la saa kumi jioni Seattle ni saa nane usiku Kampala wakati wao wa kiangazi, na saa tisa wakati wa baridi.

Usisahau Cape Town. Kazi ya Byamugisha ilifanyika huko, kwa lugha ya Uganda, ndani ya Afrika, chini ya watu wanaoelewa ngeli ni nini.

Fedha na fomu

Kabla ya kulipa senti moja, hakikisha kozi imo katika orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, na kwamba idhini yake haijapita muda. Mimi niliwahi kumlipia kijana wa nyumbani muhula mzima wa kozi ambayo idhini yake ilikuwa imekwisha, na ada haikurudi.

Mkopo wa serikali kwa wanafunzi, uliowekwa na sheria ya 2014, umekuwa ukielemea sana kozi za sayansi, kwa hiyo mlango wa kompyuta una nafasi zaidi ya mkopo kuliko wa lugha. Katika hesabu ya pointi, masomo ya lazima ya kozi huzidishwa kwa tatu, yanayofuata kwa mbili. A ya Hisabati, ambayo ni pointi 6, inakuwa 18 ikiwa ni somo la lazima. Panga chaguo zako kwa hesabu hiyo. Wasichana, Makerere ilianza 1990 kuwaongezea pointi 1.5, na nimeona pointi hiyo na nusu ikimvusha mtu.

Kompyuta mpakato ya mkono wa pili inatosha miaka yote ya shahada ya kwanza. Kazi nzito inafanyika kwenye mashine za kuazima kwa intaneti, na gharama inahamia kwenye bando.

Jaribio nililowapa

Bado walikuwa hawajaamua, nikawaambia wafunge fomu kwa siku tatu. Kila mmoja arekodi mzee wa nyumbani akisimulia kwa dakika tano, kwa lugha ya nyumbani, kisha aandike kila neno lililosemwa. Wakimaliza wanipigie waniambie ni kitu gani kilichowakesha.

Mpwa wangu alinipigia siku ya pili. Alikuwa amechoka kurudisha sauti nyuma kila mara, akatafuta namna ya kuikata rekodi vipande vya sekunde kumi kwa Python, ikamgomea, akakesha hadi ikakubali. Maandishi yake ya Kisamia yalikuwa na makosa mengi, na alijua.

Rafiki yake alipiga siku ya tatu. Hakuwa amepita dakika ya pili. Alikuwa amebishana na bibi yake, mtu wa Masaka, kama neno moja linakazwa au halikazwi, akaenda kwa jirani kuuliza, jirani akasema vingine, na sasa alikuwa na ukurasa mzima wa maneno ya aina hiyo aliyoyaokota mtaani. "Mwalimu," akaniuliza, "kuna mtu analipwa kufanya hivi?"

Mmoja alijaza sayansi ya kompyuta, Makerere kwanza, Mbarara pili. Mwingine alijaza lugha na isimu Makerere, ualimu wa Kiswahili Kyambogo, na jioni hiyohiyo akamwomba mwenzake amwonyeshe ile programu ya kukata sauti.